Uchambuzi wa Kisa: Video Zilizotazamwa Sana na Majibu Yaliyobaki Vilevile

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwalimu mmoja wa sayansi na darasa lake la wanafunzi wenye umri wa miaka 13 hadi 15. Jina lake, shule, mahali na kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mfuatano wa matukio na hoja zilizotolewa wakati wa kuamua vimeachwa kama vilivyokuwa. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu ambao tayari huweka masomo yao mtandaoni na wanataka kuyaongezea sauti, picha na video ili wanafunzi wavutike. Nia yake ni kuonyesha mahali ambapo mvuto na ujifunzaji viliachana njia katika darasa hili, na hatua zilizochukuliwa ili virudi kwenda pamoja.

Hali ilivyokuwa mwanzoni

Kwa muda mrefu mwalimu huyu alikuwa akiweka muhtasari wa kila kipindi katika ukurasa wa darasa, kwa ajili ya marudio na kwa wanafunzi waliokosa kuhudhuria. Muhtasari ulikuwa mrefu, umepangwa vizuri, na ulimalizika kwa swali moja ambalo wanafunzi walitakiwa kulijibu kwa maandishi chini yake. Waliojibu walikuwa wachache, na karibu siku zote walikuwa walewale. Wengine walinakili jibu la aliyetangulia na kubadilisha maneno mawili matatu, jambo ambalo mwalimu yeyote hulitambua mara moja. Alipowauliza sababu, wanafunzi walimjibu kwamba kule ni maandishi matupu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mwalimu aliligundua mapema lakini hakulifanyia kazi wakati huo, nalo ni kwamba baadhi ya wanafunzi wasioandika chochote mtandaoni walikuwa wakieleza vizuri kwa mdomo darasani, hasa walipokuwa na kifaa cha majaribio mkononi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo taarifa iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Ilikuwa ikionyesha kwamba tatizo halikuwa uchache wa vivutio katika ukurasa, bali njia moja tu iliyokuwa imefunguliwa kwa mwanafunzi kuonyesha anachokijua.

Kuhusu vifaa, shule ilikuwa na chumba cha kompyuta kilichotumiwa kwa zamu, lakini wanafunzi wengi walisoma jioni kwa simu za wazazi au walezi wao, kwa muda mfupi na kwa data iliyonunuliwa kwa matumizi ya nyumba nzima.

Hatua ya kwanza: kila kitu kwa pamoja

Wakati wa likizo mwalimu aliurekebisha ukurasa wote. Juu ya kila somo aliweka video ndefu kutoka mtandaoni, iliyotengenezwa na watu wengine. Katikati ya maelezo aliweka picha zinazojongea, nyingine zikihusiana na mada na nyingine zikiwa za kuchekesha tu. Muziki laini ulianza wenyewe ukurasa ulipofunguka. Aidha alirekodi sauti yake akisoma muhtasari neno kwa neno, akaiweka pembeni mwa maandishi yaleyale ili mwanafunzi asikilize huku akifuatisha kwa macho. Mwishoni aliweka picha za wanafunzi wakifanya majaribio, nyuso zao zikionekana wazi na wenye furaha.

Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Alifikiri kwamba mwanafunzi akivutika kuingia, atasoma. Na akisoma na kusikia kwa wakati mmoja, ataelewa mara mbili. Wanafunzi kweli waliingia. Idadi ya waliofungua kurasa ilipanda, na chini ya masomo zikajaa pongezi za maneno mawili matatu kwa mwalimu. Majibu ya swali la mwisho, hata hivyo, yalibaki yaleyale, kutoka kwa walewale.

Matatizo yalianza kujitokeza kutoka pande tatu. La kwanza lilikuwa uzito wa kurasa. Video ya ubora wa kawaida inayotiririka kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde hutumia karibu megabaiti 19 kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika 20 humaliza zaidi ya megabaiti 370, na picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa huweza kuwa na megabaiti 3 hadi 5. Mwanafunzi anayetumia simu ya mlezi hakuwa na nafasi ya kufungua somo la namna hiyo zaidi ya mara moja, na baadhi yao waliacha kabisa. Yaani wale waliokuwa wakisoma maandishi matupu bila kulalamika ndio waliofungiwa nje na maboresho.

La pili lilikuwa faragha. Mlezi mmoja aligundua kwamba uso wa mtoto wake unaonekana katika ukurasa ambao mtu yeyote duniani angeweza kuufungua, na kwamba hakuwahi kuombwa ridhaa. Alipoandika kulalamika, mwalimu wa chumba cha kompyuta alikagua mafaili na kukuta kwamba baadhi ya picha zilikuwa bado zimebeba taarifa za mahali zilipopigwa, ambazo simu huzihifadhi ndani ya faili mtumiaji asipozizima. Picha zote zenye nyuso ziliondolewa siku hiyohiyo.

La tatu ndilo lililomshtua mwalimu zaidi. Video ya somo la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, ilianza na simulizi ya mabaharia waliokwama baharini bila maji ya kunywa, huku papa wakizunguka mashua yao. Katika jaribio la darasani wanafunzi waliulizwa kwa nini maji ya bahari hayawezi kumkata mtu kiu. Wengi waliwaeleza wale papa kwa ufasaha wa kupendeza. Wachache sana waliweza kueleza maji yanatoka wapi kwenda wapi, na kwa nini.

Maamuzi yaliyofuata na sababu zake

Mwalimu alikutana na mwenzake wa chumba cha kompyuta pamoja na mwalimu wa lugha ambaye aliwafahamu wanafunzi haohao. Hoja ya kuondoa kila kitu na kurudi kwenye maandishi ilitolewa, ikakataliwa haraka. Walichokubaliana ni kuuliza swali moja kwa kila sauti, picha au video: kinamfanyia mwanafunzi kazi gani ambayo maandishi hayawezi kuifanya?

Kwa kigezo hicho muziki na picha za kuchekesha viliondoka bila mjadala. Hapa utafiti upo upande wao. Tangu mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alipoandika mwaka 1988 kuhusu mzigo unaobebwa na akili wakati wa kujifunza, imekubalika kwa upana kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi ndogo, na kila kisichohusiana na somo hugombania nafasi hiyo. Mwaka 1998 watafiti Shannon Harp na Richard Mayer walionyesha, kwa kutumia somo la namna radi inavyotokea, kwamba vipande vya kusisimua visivyo vya lazima hupunguza uelewa wa kiini cha somo, hata pale msomaji anapovifurahia. Papa wa darasa hili hawakuwa jambo geni.

Sauti ya mwalimu akisoma muhtasari ilizua ubishi mrefu zaidi. Mwalimu wa kompyuta alitaka ifutwe, kwa sababu kusikia na kusoma maneno yaleyale kwa wakati mmoja hulazimisha akili kulinganisha vijito viwili vinavyosema kitu kimoja. Kwa kawaida mchoro ukiambatana na maelezo ya sauti humfaa mwanafunzi kuliko mchoro, sauti na maandishi ya sauti hiyohiyo vyote pamoja. Mwalimu wa lugha alipinga. Alisema wapo wanafunzi wanaosoma kwa shida, na yupo mmoja mwenye uoni hafifu, ambao kwao rekodi ile si marudio bali ndiyo njia pekee ya kulifikia somo. Wote wawili walikuwa sahihi, na uamuzi ulizingatia hoja zote mbili: rekodi ilibaki kama faili la pekee, lisilojiwasha lenyewe, kwa anayelihitaji.

Video ndefu zilibadilishwa kuwa fupi zilizorekodiwa na mwalimu mwenyewe, mikono yake na vifaa vikionekana, kila moja ikikatika kwenye swali. Urefu wa juu uliwekwa dakika sita. Kiwango hicho kilitokana na utafiti wa mwaka 2014 wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, waliochunguza mara milioni 6.9 za utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na kukuta kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Ni vyema kukumbuka kwamba takwimu hizo zinatoka katika kozi huria za ngazi ya chuo kikuu, si kwa kijana wa miaka 14 mwenye simu ya kuazima, kwa hiyo dakika sita zilichukuliwa kama dari, na video nyingi zilikuwa fupi zaidi ya hapo.

Kuhusu uzito, maandishi yaliwekwa juu ili yafunguke kwanza, picha zikapunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200, na rekodi za sauti zikahifadhiwa kwa mkondo mmoja wa kilobiti 64 kwa sekunde, kiasi ambacho ni takriban nusu megabaiti kwa dakika na kinatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza. Pembeni ya kila faili kiliandikwa kiasi cha data kitakachotumika. Jambo hili la mwisho halikugharimu chochote, na ndilo walezi waliloshukuru kuliko yote.

Kuhusu faragha, ukurasa ulifungwa kwa nywila, barua za kuomba ridhaa zilitumwa kwa walezi, na ikakubalika kwamba picha za wanafunzi zitaonyesha mikono na vifaa tu. Walijadili pia kama sauti ya mtoto ni kitambulisho. Ni kitambulisho, ndiyo maana barua ya ridhaa ilitaja sauti waziwazi, na mwanafunzi aliyekosa ridhaa alipewa njia nyingine ya kushiriki bila wenzake kujua sababu.

Uamuzi wa mwisho ndio uliobadilisha mwelekeo wa kisa. Mwalimu wa lugha aliuliza kwa nini kila kinachowekwa kinatengenezwa na mtu mzima. Ikapendekezwa kwamba wanafunzi, wakiwa wawili wawili, wapige picha moja ya jaribio lao na kurekodi maelezo ya sauti yasiyozidi dakika moja, kwa masharti mawili: wasisome kutoka daftarini, na kila wanachodai wakioneshe katika picha.

Vipande viwili vya kiazi

Somo la osmosisi lilirudiwa kwa utaratibu huo. Kila jozi ilikata vipande viwili vya kiazi vinavyolingana, ikavipima kwa mizani, ikaweka kimoja katika maji safi na kingine katika mmumunyo mzito wa chumvi, kisha ikavipima tena siku iliyofuata.

Jozi moja ilitoa rekodi iliyojaa uhakika. Msemaji, kijana ambaye hakuwahi kuandika jibu hata moja mtandaoni, alieleza kwamba chumvi imeingia ndani ya kiazi na kukifanya kizito, na kwamba ndiyo sababu kimelegea, kwa kuwa kimeelemewa. Maelezo yalikuwa na mantiki yake, na yalitolewa kwa sauti ya mtu anayeamini. Tatizo lilikuwa kwenye picha. Katika kona yake ya chini mizani ilionekana, na namba yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwanzo iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi kando ya bakuli.

Mwalimu aliiona tofauti hiyo na hakusema kitu. Jioni ile jozi nyingine ilijibu kwa rekodi yake, ikianza na ombi: wenzetu, hebu tazameni mizani yenu. Walieleza kwamba kiazi kimepungua uzito, hivyo kuna kitu kimetoka, na kitu pekee kilichokuwamo kwa wingi ni maji. Wakaongeza picha yao wenyewe ya kipande kilichokaa kwenye maji safi, kigumu na kizito kuliko mwanzo. Baadaye yule kijana wa kwanza alirekodi upya. Hakufuta rekodi ya awali, aliiacha na kusema kwamba alikuwa ametazama kulegea kwa kiazi akasahau mizani, kisha akaeleza kwa usahihi kwamba maji hupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba kosa lile lisingeonekana katika jibu la maandishi. Angeandika kwamba maji hutoka sehemu yenye chumvi chache kwenda yenye chumvi nyingi, sentensi iliyokuwa tayari ipo kwenye muhtasari, naye angepata alama zake huku dhana potofu ikibaki salama kichwani. Picha na sauti vilimlazimisha kuunganisha maneno na kitu kilichokuwa mbele yake, na muungano huo ndio uliofichua tatizo, tena mbele ya wenzake walioweza kulishughulikia.

Matokeo

Idadi ya wanafunzi waliochangia iliongezeka, na miongoni mwao walikuwamo kadhaa ambao awali walionekana hawana la kusema. Katika jaribio lililofuata, wengi waliweza kueleza mwelekeo wa maji na kutoa sababu. Haifai kuzipa rekodi sifa zote za badiliko hilo, kwa kuwa somo lilikuwa linafundishwa kwa mara ya pili na wanafunzi walikuwa wamefanya jaribio kwa mikono yao. Mwalimu mwenyewe alisisitiza hivyo alipoulizwa.

Wakati huohuo, idadi ya waliofungua kurasa ilishuka karibu na ilipokuwa kabla ya maboresho. Uongozi wa shule, uliokuwa umefurahia ile grafu iliyopanda, ulitaka maelezo. Mwalimu alipeleka majibu ya wanafunzi ya vipindi viwili yakiwa yamewekwa sambamba, na mjadala ukaishia hapo.

Baadhi ya wanafunzi waliokuwa waandishi hodari hawakuupenda utaratibu mpya. Walichukia kusikia sauti zao, na mmoja alisema kwamba anafikiri kwa kalamu. Waliruhusiwa kuandika maelezo ya picha badala ya kurekodi, masharti yakiwa yaleyale.

Uchambuzi

Kosa la hatua ya kwanza halikuwa wingi wa vitu peke yake. Vyote vilivyoongezwa vilimweka mwanafunzi katika nafasi ya mtazamaji, na takwimu iliyotumika kupima mafanikio, yaani mara ngapi ukurasa umefunguliwa, ilikuwa pia kipimo cha watazamaji. Kipimo na kilichopimwa vilifanana mno kiasi kwamba mwalimu angeweza kuendelea mwaka mzima akiamini anafanikiwa. Jaribio la darasani ndilo lililovunja mzunguko huo, na bila hilo pengine papa wangeendelea kuzunguka mashua yao.

Kilichofanya kazi katika hatua ya pili ni masharti kuliko vifaa. Kurekodi kwa dakika moja kunaweza kugeuka kuwa kukariri kwa sauti, na katika mada moja iliyofuata, mwalimu alipolegeza sharti la kuonyesha ushahidi kwenye picha, ndivyo ilivyotokea: rekodi zilikuwa safi, zenye ufasaha, na hazikuwa tofauti na kitabu. Sharti liliporudi, kusitasita kulirudi pia, na pamoja nako fikra. Nadhani mwalimu anayesikiliza rekodi za wanafunzi anapaswa kuwa na wasiwasi zaidi na ile isiyo na kigugumizi.

Hali ya kufikika kwa wote ilichelewa kufikiriwa. Miongozo ya WCAG, inayohusu kurasa za mtandaoni kufikiwa na watu wote na inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka video zilizorekodiwa ziwe na manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, na picha ziwe na maelezo ya maandishi yanayoweza kusomwa na programu za wasioona. Darasa hili lilianza kuyafanya hayo katikati ya muhula. Manukuu yaliyotengenezwa na programu yalivuruga istilahi za sayansi kiasi cha kuchekesha, kwa hiyo wanafunzi walipewa jukumu la kuyasahihisha. Kazi hiyo, iliyoanza kama usafi tu, iligeuka kuwa zoezi zuri la istilahi, kwa sababu huwezi kusahihisha neno usilolielewa.

Lililobaki gumu ni muda wa mwalimu. Jibu la maandishi hupitiwa kwa macho kwa sekunde chache, lakini rekodi ya dakika moja hutaka dakika nzima, na rekodi za darasa zima humaliza jioni. Suluhisho walilolijaribu ni kwamba kila jozi isikilize rekodi ya jozi nyingine na kuandika chini yake sentensi moja inayosema dai kuu na ushahidi wake. Sentensi hizo zilimsaidia mwalimu kuchagua rekodi za kusikiliza kwa makini, na zilimfaa pia mwanafunzi asiyeweza kufungua sauti. Hazikumaliza tatizo. Kisa hiki kilipokuwa kinaandikwa, mwalimu alikuwa amepunguza rekodi hadi mada zile tu ambazo ana uhakika kwamba wanafunzi hubeba dhana potofu, na mada nyingine amezirudisha kwenye maandishi na mchoro mmoja.